Wananchi wachange vitabu, halmashauri itenge fungu

Miji yetu midogo inakua haraka kuliko maktaba zetu. Katoro, Himo, Mirerani na mingine ya aina hiyo imejaa maduka, stendi, mawakala wa fedha za simu na wanafunzi wa sekondari. Lakini katika miji mingi ya namna hii, mtoto akitaka kitabu ambacho si cha darasani huambiwa aende makao makuu ya mkoa. Nauli ya kwenda na kurudi peke yake inatosha kumkatisha tamaa mzazi wake.

Ukilitaja jambo hili kikaoni, majibu yanajulikana. Hakuna jengo. Hakuna bajeti. Barua iko wizarani. Tunasubiri mfadhili. Majibu hayo yametolewa kwa muda mrefu hata watoto walioyasikia kwanza sasa ni wazazi, na wao wanawaambia wanao yale yale.

Sisi tunasema kusubiri kumetosha. Vitabu vya kuanzishia maktaba ya mji mdogo vimo ndani ya mji wenyewe, na mikononi mwa wenyeji wake walioko Dar es Salaam, Mwanza, Dodoma na ughaibuni. Wananchi wavichange. Lakini wavichange kwa sharti. Kabla boksi la kwanza halijapokelewa, baraza la madiwani liwe limepitisha kasma ya maktaba: malipo ya mtunzaji, umeme, ukarabati, na fedha za kununua vitabu vipya kila mwaka. Sharti hilo likikosekana, tutakuwa tumeandaa hafla ya kupiga picha.

Upande wa wananchi hautupi wasiwasi. Watanzania tunajua kuchanga. Harusi ya kawaida ina mwenyekiti wa kamati, mweka hazina, daftari la ahadi na kundi la WhatsApp linalomkumbusha kila mtu deni lake hadi siku ya mwisho. Msiba huchangiwa ndani ya saa chache. Shule za kata zilizoenea nchini wakati wa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, ulioanza 2004, zilisimama kwa mawe, mchanga, tofali na nguvukazi za wananchi. Kamati iliyoweza kukusanya fedha za ukumbi na chakula cha mamia ya wageni inaweza kukusanya vitabu mia tano.

Wasiwasi wetu uko kwa kinachofuata baada ya mchango. Nchi hii inayajua maboma: kuta zilizoinuliwa na wananchi kisha zikasubiri bati miaka nenda rudi. Angalau boma la darasa linaonekana kutoka barabarani, na diwani akipita huulizwa. Maktaba ikifa haionekani. Mlango unafungwa siku moja kwa sababu mtunzaji hajalipwa, kisha wiki, kisha ufunguo unabaki kwa mtu aliyehamishiwa wilaya nyingine.

Upo mfano wa zamani ambao kila diwani angefaa kuujua. Mwaka 1778, mji mpya katika jimbo la Massachusetts, Marekani, ulijipa jina la mwanasiasa Benjamin Franklin. Baadaye wakazi wakatarajia kwamba mwenye jina angewapa kengele ya kanisa lao. Franklin, aliyeanza maisha akiwa mpiga chapa, aliona vitabu vingewafaa zaidi kuliko mlio wa kengele. Akamwomba rafiki yake Richard Price, aliyekuwa London, achague vitabu vya thamani ya takriban pauni 25. Zikaja juzuu 116, nyingi zikiwa za dini na utawala.

Vitabu vilipofika, ugomvi ukaanza. Nani aruhusiwe kuviazima? Wapo waliotaka viwe vya waumini wa usharika peke yao. Mabishano yakaendelea hadi mkutano wa mji wa tarehe 26 Novemba 1790, ulipopiga kura kwamba vitabu viazimwe na wakazi wote bila malipo. Mji huo unavihifadhi vitabu hivyo mpaka leo, na wengi huihesabu maktaba yake kuwa miongoni mwa maktaba za kwanza za umma Marekani.

Tazama mambo yalivyofuatana. Mtu mkubwa alitoa vitabu, na kwa muda vitabu vile vilikuwa mali ya kugombaniwa. Maktaba ya umma ilipatikana siku wenye mji walipokaa kikao, wakabishana, wakapiga kura na kuandika uamuzi wao kwenye kumbukumbu za mji. Zawadi ilitoka ng'ambo ya bahari, lakini uamuzi usingeweza kutoka huko.

Hapa kwetu Afrika Mashariki tumeona pia upande wa pili wa jambo hilo. Maktaba ya McMillan jijini Nairobi ilifunguliwa 1931, jengo zuri lenye nguzo kubwa na simba wa mawe mlangoni, likiwa kumbukumbu ya tajiri Northrup McMillan iliyowekwa na mjane wake, Lucie. Kwa miaka mingi ya ukoloni ilikuwa ya Wazungu. Mwafrika aliweza kuufagia ukumbi wake, lakini hakuweza kuketi humo na kusoma. Vitabu vilikuwa vizuri, jengo lilikuwa zuri, ila mwenye mji hakuwa mwenye maktaba.

Aliyelielewa suala la fedha kuliko wote ni Andrew Carnegie, mzaliwa wa Uskoti aliyetajirika kwa chuma huko Marekani. Tangu maktaba yake ya kwanza katika mji aliozaliwa wa Dunfermline, iliyofunguliwa 1883, fedha zake zilijenga maktaba zaidi ya 2,500 katika nchi mbalimbali. Utajiri wake ulikuwa na lawama zake, hasa baada ya mgomo wa 1892 wa wafanyakazi wa kiwanda chake cha Homestead, na ilikuwepo miji iliyokataa kupokea senti yake. Sharti lake, hata hivyo, lilikuwa na akili. Mji ulioomba maktaba ulitakiwa utoe kiwanja, kisha uahidi kutenga kila mwaka kutoka kodi zake asilimia 10 ya fedha za ujenzi. Ukipewa dola 10,000 za jengo, unaahidi dola 1,000 kila mwaka kwa wafanyakazi, vitabu na matengenezo. Mji ambao haukutaka kuahidi haukupewa.

Wafadhili wetu wa leo, wakubwa kwa wadogo, wangefaa kuiga sharti hilo. Mbunge anayetaka kukabidhi vitabu, kampuni inayotaka bango lake lionekane, chama cha wanafunzi waliosoma shule moja miaka ya themanini: wote waulize kwanza kasma iko wapi. Swali hilo halimvunjii mtu heshima. Linalinda mchango.

Nyumbani pia tuna somo letu, tena lenye thamani kuliko la Franklin kwa kuwa tulilisoma kwa gharama yetu wenyewe. Bodi ya Huduma za Maktaba iliundwa kwa sheria ya 1963, miaka miwili tu baada ya Uhuru. Maktaba Kuu ya Taifa ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere jijini Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha. Miaka ya 1970 ikaja kampeni kubwa ya kisomo cha watu wazima, pamoja na kampeni za redio na vikundi vya kusoma kama Mtu ni Afya ya 1973. Kufikia 1986, takwimu za Serikali zilionyesha kwamba watu wazima tisa kati ya kumi walijua kusoma na kuandika.

Walioongoza kazi ile walijua kwamba aliyejifunza kusoma ukubwani husahau asipopata cha kusoma. Ndiyo maana vijiji vikawekewa maktaba: rafu ya vitabu na magazeti katika chumba kimoja, chini ya uangalizi wa mwanakijiji. Kisha ikaja hali ngumu ya miaka ya 1980, uhaba wa fedha za kigeni, uhaba wa karatasi, uhaba wa kila kitu. Vitabu vipya vikaacha kufika. Vya zamani vikasomwa hadi vikachakaa, wasomaji wakaona wamevimaliza, na maktaba nyingi zikafungwa pasipo tangazo. Watu walikuwa na hamu na rafu zilikuwepo. Kilichokosekana ni ununuzi wa mwaka uliofuata, na mwaka uliofuata huo.

Lipo pia tatizo la mgawanyo wa kazi. Bodi ya Huduma za Maktaba iko chini ya Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia. Halmashauri ziko chini ya TAMISEMI. Mji mdogo usio na maktaba unajikuta katikati: halmashauri inasema maktaba ni za Bodi, nayo Bodi haiwezi kujenga kila mahali kwa bajeti yake. Kenya iliamua kuliandika jambo hili wazi. Jedwali la Nne la Katiba yake ya 2010 linaitaja maktaba miongoni mwa kazi za kaunti. Makabidhiano yalichukua miaka na yalikuwa na mivutano ya fedha na wafanyakazi, lakini leo mwananchi wa kaunti anajua amuulize nani. Wetu hajui. Mpaka sheria itakaposema zaidi, halmashauri zetu zichukue jukumu hilo kwa hiari, na Bodi ibaki na kazi inayoiweza vizuri: utaalamu, mafunzo na usimamizi wa viwango.

Tunatarajia jibu kwamba halmashauri hazina fedha. Tunajua mapato ya ndani hayalingani, na kwamba halmashauri ya wafugaji si sawa na ya mjini. Lakini halmashauri zote zimezoea kutenga kwa asilimia. Sheria inazitaka zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa mgawo wa nne, nne na mbili. Kwa maktaba ya chumba kimoja hatuombi kiasi kama hicho, wala hata kinachokikaribia. Tunaomba kasma moja yenye jina lake, inayoonekana kwenye kitabu cha bajeti, isiyohamishwa katikati ya mwaka kwenda kununua mafuta ya gari au kulipia posho za ziara.

Sasa tuje kwa vitabu vyenyewe, maana hapa ndipo nia njema huharibu kazi.

Ukitangaza kukusanya vitabu bila kusema unataka vipi, utaletewa visivyotakiwa na wenyewe. Vitaletwa vitabu vya kiada vya mtaala ulioachwa, wakati mtaala mpya ulianza kutumika Januari 2024. Zitaletwa ripoti za warsha, mwongozo wa programu ya kompyuta ambayo hakuna anayeitumia tena, juzuu ya tatu na ya saba za ensaiklopidia, na magazeti ya dini kwa mafungu. Mtoaji ataondoka ameridhika kwamba amesaidia. Kwa kweli amehamisha taka zake kutoka stoo yake kwenda kwenye chumba cha umma, na kumwachia mtu mwingine kazi ya kuzitupa.

Kipimo chetu ni hiki: toa kitabu ambacho ukikikuta kwenye rafu ya maktaba wewe mwenyewe ungekiazima. Kama huna, toa bei ya kitabu kimoja kipya. Fedha hiyo kamati ya maktaba ikanunulie kitabu kwenye duka la vitabu la hapa nchini, na hapo umemsaidia msomaji, muuzaji na mwandishi kwa mpigo mmoja. Nakala za kurudufu na vitabu vya wizi wa hakimiliki visipokelewe hata kama ni vizuri. Maktaba ya umma haiwezi kuanza maisha yake kwa kumwibia mwandishi.

Vitabu gani basi? Kwanza, vya watoto. Hivi ndivyo vinavyoisha haraka na ndivyo adimu kuliko vyote: vyenye picha, maandishi makubwa na Kiswahili kinachosomeka. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza nchini 1991, ulisaidia kuchapishwa kwa hadithi nyingi za namna hiyo, na nyingine bado zimo majumbani mwa watu ambao watoto wao wamekwisha kuwa na watoto. Zitolewe.

Pili, riwaya ambazo watu husoma kwa sababu wanataka kujua mwisho. Shaaban Robert, Kezilahabi na Shafi Adam Shafi lazima wawepo. Wawepo pia Bwana Msa wa Mohamed Said Abdulla, Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Wapo wasomi watakaokunja uso wakiona riwaya za upelelezi kwenye rafu ya kwanza. Waache wakunje. Kizazi kizima cha Watanzania kilizoea kusoma kwa vitabu hivyo, vikipita mkono kwa mkono hadi jalada likatoka, na leo kuvipata dukani ni kazi. Anayeanza na Joram Kiango anaweza kufika kwa Kezilahabi. Anayelazimishwa kuanza na Kezilahabi huenda asirudi wiki ijayo. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, naye sasa anasomeka kwa Kiswahili katika Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Na tangu 2023, Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu inaleta majina mapya ambayo mji mdogo hauna sababu ya kuyasikia redioni tu.

Tatu, vitabu vya kazi na haki. Ufugaji wa kuku, kilimo cha mboga, ushonaji, umeme wa majumbani, utunzaji wa hesabu za biashara ndogo. Katiba ya nchi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, ambayo watu hugombana kuihusu kila siku pasipo kuiona. Kamusi nzuri zaidi ya moja. Mtu mzima hatakuja maktaba kwa kuambiwa kwamba kusoma ni kuzuri. Atakuja akisikia kwamba jirani yake alipata huko jibu la mgogoro wa mpaka wa shamba.

Vitabu vya kiada visipewe nafasi kubwa. Taasisi ya Elimu Tanzania inaviweka vyake kwenye maktaba mtandao, na shule ndizo zenye wajibu wa kuwa navyo. Vitabu vya dini vipokewe kwa kiasi na kutoka dini zote, kwa kuwa misikiti na makanisa yana sehemu zake za kuvisomea. Na kitabu chochote chenye picha ya mgombea kwenye jalada kirudishwe kwa mwenyewe kwa shukrani.

Kuhusu makontena ya vitabu kutoka nje, tuseme ukweli kwa adabu. Kitabu cha bure hakiji bure. Kuna gharama za bandari, za usafiri, za kuchambua na za kuhifadhi, na mara nyingi aliyekichagua hajui atakayekisoma. Mashirika makini yamelijua hilo. Shirika la Book Aid International la Uingereza, lililoanzishwa 1954 na Lady Ranfurly na ambalo limefanya kazi na maktaba za Tanzania Bara na Zanzibar, lilianza kwa kukusanya vitabu vilivyokwisha kusomwa. Leo linatuma vitabu vipya vinavyotolewa na wachapishaji, na hushauriana na wakutubi wa nchi zinazopokea. Kama waliokuwa wakitoa wamejifunza kuuliza, sisi tunaopokea tujifunze kuchagua. Mji ukiletewa kontena, ukatae kwa heshima, uombe orodha, kisha uweke tiki penye mahitaji.

Baada ya vitabu, kazi. Kamati iwe ndogo: mwalimu mstaafu, afisa maendeleo ya jamii, mwanafunzi wa kidato cha tano au cha sita, mfanyabiashara mmoja anayejua kudai ahadi, na mama mmoja mwenye watoto wadogo. Kila mtoaji asaini fomu fupi inayokubali kwamba kamati inaweza kukataa kitabu, kukibadilisha au kukigawa kwingine. Fomu hiyo itaokoa urafiki mwingi.

Kila kitabu kinachopokelewa kiandikwe kwenye rejesta: namba, jina la kitabu, mwandishi, mtoaji, tarehe. Kigongwe muhuri wa mji, si wa mtoaji. Kipangwe kwa mfumo wa Dewey unaotumika kwenye maktaba za Bodi, hata kama kwa mwanzo ni namba kuu tu: 300 kwa jamii na sheria, 600 kwa kilimo, afya na ufundi, 800 kwa fasihi, 900 kwa historia na jiografia. Anayesema kazi hii ni ya kitaalamu mno asikie kwamba Bodi ina chuo cha ukutubi Bagamoyo, na kwamba kazi yake mojawapo ni kushauri wanaoanzisha maktaba. Halmashauri iiandikie Bodi barua, imsomeshe kijana mmoja wa hapo hapo mjini, na imfunge kwa mkataba wa kurudi.

Chumba kisitafutwe mbinguni. Ofisi ya kata yenye chumba cha ziada inatosha, au darasa lililoachwa, au ukumbi unaotumika mara moja kwa mwezi. Rafu ziwe za chuma, au ziwe mbali na ukuta, kwa sababu mchwa hasomi tangazo. Dirisha liingize mwanga lakini si mvua. Na saa za kufungua zifuate maisha ya watu. Maktaba inayofunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa tisa na nusu alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa, imewekwa kwa ajili ya mtunzaji wake. Mwanafunzi yuko darasani, mama yuko sokoni, bodaboda yuko barabarani. Ifunguliwe saa tisa alasiri hadi saa mbili usiku, na Jumamosi kutwa nzima.

Tunajua pingamizi zitakazokuja. Ya kwanza ni kwamba watu hawasomi, na hapo msemaji huongeza ule usemi uliochakaa kwamba ukitaka kumficha Mwafrika jambo, liandike kwenye kitabu. Tunaukataa. Husemwa zaidi na watu wenye vitabu, dhidi ya watu ambao hawajawahi kuwekewa kitabu mbele yao. Watu hao hao husoma gazeti lililotundikwa kibandani, wakiwa wamesimama, kwa kunyoosha shingo. Husoma hadithi za vipande kwenye simu na kugombana na mwandishi akichelewa kuleta sehemu ya kumi na nne. Kinachopungua ni kitabu kilicho karibu na kisichohitaji fedha.

Ya pili ni kwamba simu imemaliza kazi ya maktaba. Simu ina bando, na bando huisha. Ina pia ujumbe unaoingia kila dakika. Maktaba inampa mtoto wa chumba kimoja, anayelala na wadogo zake wanne, meza, taa na ukimya wa saa mbili. Ikiwezekana, mji uongeze intaneti na kompyuta mbili. Lakini mwanzo wa maktaba usisubiri kompyuta.

Ya tatu ni kwamba vitabu vitaibiwa. Baadhi vitapotea, ndiyo. Maktaba yoyote duniani inayoazimisha hupoteza. Hesabu ya hasara iwekwe kwenye bajeti tangu mwanzo, na mkosaji apigiwe simu, kisha mzazi wake, kisha mwenyekiti wa mtaa. Tusifanye kosa la kufunga vitabu kwenye kabati la vioo ili vibaki salama. Kitabu kilichofungiwa kimepotea tayari, tena kwa uamuzi wa ofisi.

Kwa hiyo tunapendekeza mpangilio huu, na hauhitaji ruhusa ya Dodoma. Kamati iundwe katika mkutano wa hadhara wa mtaa, muhtasari uandikwe. Orodha ya vitabu vinavyotakiwa ibandikwe ofisi ya kata, misikitini, makanisani, sokoni na kwenye makundi ya WhatsApp ya wenyeji walio mbali. Pendekezo la kasma lipite Kamati ya Maendeleo ya Kata na kufika baraza la madiwani wakati bajeti ikiandaliwa, si baada ya kufungwa. Ahadi za vitabu zikusanywe kwa maandishi, lakini vitabu vibaki kwa wenyewe hadi baraza litakapopiga kura. Likipitisha, vikabidhiwe siku hiyo hiyo mbele ya watu. Likikataa, orodha ya ahadi ibandikwe ukutani ili kila mtu aone mji uko tayari kutoa nini na ni nani aliyeukatalia.

Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Diwani atakayesimama jukwaani kusema anapenda elimu aulizwe swali moja tu: kasma ya maktaba ya mji huu ni shilingi ngapi, na iko ukurasa wa ngapi wa kitabu cha bajeti?